Programu Huria: Ruhusa Tunayo, Mikono Iko Wapi?

Hebu toa simu yako mfukoni, mwanachama mwenzangu. Menyu zake zimeandikwa kwa lugha gani? Hapa Riyadh wengi wetu tutajibu: Kiarabu au Kiingereza. Hata sisi tunaojiita wapenzi wa Kiswahili!

Sababu mojawapo ni biashara. Kampuni inayouza programu hutafsiri kwanza katika lugha zenye wanunuzi wengi. Lugha ya watu wasio na fedha hungoja zamu.

Programu huria zina utaratibu mwingine. Waandishi wake huuacha msimbo wazi na kutoa ruhusa nne: kuitumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Aghalabu hazilipiwi, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa shule ya kijijini yenye kompyuta chache za mitumba. Lakini kwa mwanalugha, ruhusa ya kurekebisha ndiyo yenye thamani zaidi: huhitaji kumbembeleza mtu ili aiongeze lugha yako.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitumia ruhusa hiyo. Kupitia mradi wa Kilinux, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, bila malipo. Kazi ngumu ilikuwa istilahi. Ilibidi wanakompyuta na wanalugha wakubaliane maneno kwanza, ndipo watafsiri.

Wala Afrika Mashariki si mpokeaji tu. Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Tatizo ni kwamba programu haitulii. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na yasipotafsiriwa, menyu huchanganya lugha mbili. Mtumiaji huchoka, akarudi kwenye Kiingereza. Ruhusa bila mikono haijazi menyu.

Mikono hiyo yaweza kuwa yetu. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hutafsiriwa na watu wa kujitolea. Walimu wetu, mbona zoezi moja la tafsiri kila muhula lisitoke huko? Badala ya kuishia kwenye daftari, kazi ya mwanafunzi itasomwa na karani wa Tabora au mwalimu wa Lamu.

Haba na haba, wenzangu.