Riwaya Zilizokatazwa na Msomaji wa Eastlands

Mwaka 1971 East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake makuu Nairobi, lilichapisha Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Haukupita muda mrefu kabla ya riwaya hiyo kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Lililolalamikiwa ni uwazi wake katika kusimulia mambo ya mwili: msichana wa shule, wanaume wake, mimba zinazotolewa, na kifo cha kujiua. Baadaye marufuku hayo yakaondolewa, kitabu kikarudi mikononi mwa wanafunzi, na leo hapana mhadhiri anayeweza kufundisha historia ya riwaya ya Kiswahili akairuka Rosa Mistika. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na hakuna haja ya kukirefusha. Jambo ambalo halijachunguzwa vya kutosha ni swali kinaloliacha nyuma yake: kitabu kinapoondolewa darasani au maktabani, hasa kinachoondolewa ni nini, na anayekosa ni nani?

Makala haya yanaliweka swali hilo mbele ya msomaji mmoja maalumu, naye ni mwanafunzi wa sekondari wa mitaa ya Eastlands ya Nairobi: Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati, Jericho, Makadara, Dandora, Kayole. Msomaji huyo amechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kwake rafu ya shule na rafu ya maktaba ya umma aghalabu ndizo rafu pekee. Pili, hoja inayotolewa mara kwa mara ya kukataza vitabu, yaani kumkinga kijana na lugha na mambo ya watu wazima, hukutana kwake na hali ambayo mtoa hoja hakuitazamia.

Yafaa kuanza na vitabu vyenyewe. Katika Rosa Mistika, Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kipigo kikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Tangu siku hiyo Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua, na anapofika mbali na macho ya baba yake hana silaha yoyote isipokuwa ile hofu, nayo haimfai. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa na Longman, Nairobi, mwaka 1980, Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani ya nyumba asiione dunia. Siku mlango unapofunguka, Maimuna anaingia katika dunia hiyo kama kipofu, na safari yake inampitisha katika danguro la Madam Jeni. Waandishi hawa wawili, mmoja wa Ukerewe na mwingine wa Zanzibar, hawakupatana shauri. Hata hivyo wote wawili wamelitazama tendo lile lile la mzazi anayedhani kwamba asichokijua mtoto hakiwezi kumdhuru, na wote wawili wamelifuata hadi mwisho wake. Kwa hiyo anayeiondoa Rosa Mistika darasani ili kuwalinda wasichana anarudia kazi ya Zakaria bila kujua, na kitabu kilichoeleza matokeo ya kazi hiyo ndicho anachokitoa. Upinzani uliomo ndani ya tendo hilo ungestahili kuchekesha, kama Rosa asingekuwa amekufa.

Ajabu nyingine ni kwamba Utengano yenyewe ilipata kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari za Kenya. Vivyo hivyo Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyochapishwa mwaka 2014, inasimulia ubakaji wa wasichana wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, nayo ilisomwa na kila mtahiniwa nchini katika miaka yake ya kutahiniwa. Ni dhahiri basi kwamba mada peke yake haijawa kipimo. Kitabu kimoja hukatazwa na kingine hutahiniwa, na mambo yaliyomo ni yale yale. Tofauti yapasa kutafutwa mahali pengine, na kwa wanaisimu na wahakiki mahali hapo pa kwanza ni lugha.

Kiswahili hakijawahi kuwa lugha isiyo na maneno ya mwili. Kilichonacho ni utaratibu wa mahali pa kuyasema. Katika jamii za pwani, mwari alifundishwa na kungwi wake mambo ambayo mama mzazi hakuyatamka mbele yake, na alifundishwa kwa nyimbo zilizoita vitu kwa majina yake. Nje ya uwanja huo mambo yale yale yalivikwa tafsida. Kuvikwa tafsida si kukatazwa. Neno lililopigwa marufuku halina mwenyewe, na neno lenye tafsida lina mwenyewe, lina wakati wake na lina mwalimu wake. Mila ilitambua kwamba maarifa haya ni ya lazima, ndiyo maana ikamteua mtu wa kuyatoa.

Mtoto wa Eastlands hana kungwi. Bibi yake mara nyingi amebaki kijijini, na shangazi yuko mtaa mwingine au mji mwingine. Mambo ya mwili anayasikia kwenye matatu inayopita Barabara ya Jogoo, katika nyimbo zinazopigwa kwa sauti ya kutikisa vioo, na katika Sheng, lugha ambayo mitaa hii ndiyo iliyoilea na ambayo ina utajiri wa majina ya mambo hayo kuliko kamusi yoyote ya Kiswahili. Jambo analolikosa ni usimulizi: mtu mwenye jina, mwenye mama, mwenye shule aliyoipenda, ambaye jambo hilo linamfika na ana siku ya pili na ya tatu baada yake. Majina ya Sheng hutaja tendo na kucheka. Riwaya hulitaja tendo hilo kisha hukaa na aliyetendwa. Mtu anayesema kwamba riwaya itamfundisha kijana wa Majengo au Kayole asichokijua hajasimama kituoni pake jioni.

Hapa yafaa kugusia kidogo jambo linalojulikana na kila mwalimu wa fasihi, ingawa halisemwi sana. Wanafunzi wengi hawasomi riwaya, bali husoma mwongozo. Mwongozo huondoa lugha na kubakiza matukio: fulani alibakwa, fulani alitoa mimba, fulani alijiua, kisha maudhui, kisha mbinu kumi na mbili za uandishi. Mlalamikaji naye, anapofika ofisini kwa mwalimu mkuu, aghalabu hana kitabu kizima kichwani. Ana ukurasa mmoja uliopigiwa mstari. Mwongozo na ukurasa huo vinasoma kwa namna moja, kwa sababu vyote viwili vinatenga tukio na sauti inayolisimulia. Katika usomaji wa namna hiyo Rosa Mistika ni orodha ya maovu, na mzazi aliyeonyeshwa orodha hiyo ana haki ya kushtuka. Lawama basi haimwangukii mzazi peke yake. Ufundishaji unaotenga fani na maudhui, kana kwamba moja ni ganda na jingine kiini, umemwandalia mlalamikaji hoja yake kwa miaka mingi.

Sababu ya maadili haiwezi kujadiliwa nchini Kenya bila kukumbuka sababu nyingine iliyotembea nayo. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu, vile vya Comb Books vilivyosomwa sana Nairobi na ambavyo wanafunzi walivificha ndani ya madaftari. Hapo lililodaiwa ni adabu, na mhakiki anaweza kukubali kwamba baadhi ya kurasa hizo hazikuwa na jambo jingine la kutoa. Lakini mwaka 1987 polisi wa Kenya walipokusanya nakala za Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kikuyu mwaka uliotangulia, hapakuwa na jambo la adabu ndani yake. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia kwamba awali palitoka amri ya kumkamata Matigari, mhusika wa hadithi, kabla ya kugunduliwa kwamba mtu huyo yumo kitabuni tu. Kisa hicho huchekesha darasani hadi leo. Uzito wake ni kwamba mkono uliozoea kuondoa kitabu kwa sababu ya mapenzi hauhitaji mafunzo mapya ili uondoe kingine kwa sababu ya siasa. Kinachobadilika ni maneno ya barua tu.

Kwa wakazi wa Eastlands historia ya kunyimwa kitabu ni ya zamani kuliko riwaya hizi zote. Maktaba ya McMillan, katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi mwaka 1958. Mfanyakazi wa reli aliyekaa Makongeni angeweza kulifagia jengo hilo, si kufungua kitabu chake. Hayo yalikuwa marufuku ya msomaji, si ya kitabu, lakini matokeo kwa akili ya mtu yanafanana. Baadaye maktaba hiyo ilipata matawi mawili, na yote mawili yako Eastlands: moja Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, na jingine Makadara. Matawi hayo yalichakaa kwa muda mrefu, kisha yakakarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, kwa ushirikiano na serikali ya Kaunti ya Nairobi. Mwanafunzi anayelala chumba kimoja na ndugu zake huenda huko jioni kwa sababu kuna meza na taa. Kitabu kikiondolewa katika rafu za shule ya mtoto wa tajiri, mzazi hukinunua mjini wiki hiyo hiyo, pengine kwa sababu tu kimekatazwa. Kikiondolewa Kaloleni, kimeondoka.

Hata hivyo si haki kumfanya mlalamikaji kuwa mjinga. Mzazi wa Jericho anayeuliza kwa nini bintiye wa miaka kumi na sita asome tukio la ubakaji kwa sauti katika darasa la wavulana na wasichana hamsini, mbele ya mwalimu mwanamume aliyetoka chuoni mwaka jana, anauliza swali ambalo kungwi angelielewa mara moja. Unyago haukuchanganya wana na mabinti, haukuwa wa lazima kabla ya wakati wake, na haukutahiniwa. Kitabu cha lazima ni mambo hayo yote matatu. Kiswahili kikiwa somo la lazima katika mtihani wa kidato cha nne chini ya mfumo wa 8-4-4, riwaya teule imesomwa na kila mtahiniwa, akiwemo yule ambaye tukio hilo limemtokea mwenyewe nyumbani na ambaye hakuna mtu darasani anayejua.

Kwa sababu hiyo maamuzi mawili ambayo huzungumzwa kama moja hayana budi kutenganishwa. Kuchagua kitabu cha kutahiniwa, kazi ambayo Kenya imeikabidhi Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ni kulazimisha, na anayelazimisha ana wajibu wa kusikiliza. Riwaya bora inaweza kukosa nafasi hiyo bila kudhulumiwa. Kuweka kitabu katika maktaba ni jambo la namna nyingine kabisa, kwa maana hapo hakuna anayelazimishwa: kitabu kinangoja. Mzazi ana haki ya kumzuia mwanawe asikisome. Haki hiyo haifiki kwa mtoto wa jirani. Malalamiko mengi huanza na kitabu cha lazima, na adhabu ikaishia kwenye rafu, ambako hapakuwa na kosa. Kati ya pande hizi mbili kuna kitabu cha ziada, kile anachokichagua mwalimu mwenyewe kwa darasa lake, na hapo jibu linategemea mwalimu kuliko kitabu. Mwalimu anayeweza kusimama mbele ya ukurasa mgumu, akajua lini atumie tafsida na lini aliache neno la mwandishi lilivyo, hafundishwi kazi hiyo popote kwa sasa. Vyuo vinavyotoa walimu wa Kiswahili hufundisha tafsida kama tamathali ya usemi ya kutolewa mifano miwili, na haionyeshwi kama kazi anayoifanya mwalimu mwenyewe akiwa amesimama darasani.

Jambo la mwisho ni la utaratibu, na huenda ndilo jepesi kurekebishwa. Mwezi Februari 2023 wizara ya elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto katika shule na maktaba za shule, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, kwa madai kwamba vinakwenda kinyume na maadili ya nchi. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo kwa nguvu zote, lakini anajua anachokipinga: majina ya vitabu yalitangazwa, na aliyeamua alijulikana. Kuna uondoaji mwingine usio na tangazo, ambapo kitabu huhamishiwa katika kabati la ofisi, ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja, na mwaka unaofuata hakimo katika daftari la orodha. Maktaba ya shule ingetakiwa kuandika kwa kila kitabu kilichotolewa tarehe, jina la aliyelalamika, ukurasa uliolalamikiwa, na jina la mtu aliyekisoma kitabu kizima kabla ya kuamua. Katika shule nyingi, safu hiyo ya mwisho ndiyo ingekuwa ngumu kujazwa.