Mashine inalia, lakini si kila mlio ni dhahabu

Mchimbaji wa Mwenga, Shabunda, Fizi au Djugu anajua bei ya kubahatisha. Kundi la vijana linaweza kuchimba mwezi mzima, likila kwa deni la PDG wa shimo, na mwisho likafika kwenye jiwe lisilo na kitu. Ndiyo maana detekta, mashine inayoahidi kuonyesha dhahabu kabla piki haijagusa udongo, inavuta macho ya wengi. Bei nayo inasukuma. Mwezi wa Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza katika historia, aunsi moja ya dhahabu, ni kusema gramu 31 na kidogo, ilipita dola 4000 kwenye soko la dunia.

Lakini detekta za nguvu zinauzwa dola elfu kadhaa. Kwa kijana asiye na kitu, hilo ni shamba la familia, ng'ombe wa mahari au deni la miaka. Kabla ya kuweka makuta hayo mezani, ni vizuri kujua mashine inaweza nini na haiwezi nini.

Inasikia chuma, haijui dhahabu

Detekta ina sahani ya mviringo kwenye ncha ya fimbo. Sahani hiyo inatuma nguvu za sumaku ndani ya udongo. Zikikuta kipande cha metali, kipande hicho kinajibu, na mwenye mashine anasikia mlio. Kazi inaishia hapo. Msumari unalia, kifuniko cha chupa kinalia, ganda la risasi linalia. Mashine nyingine zinajaribu kutenganisha chuma na metali zingine, lakini zinakosea mara nyingi.

Kuna jambo la pili. Udongo mwekundu wa kwetu umejaa chuma. Mashine ya bei rahisi inalia ovyo juu yake, hadi mtumiaji anachoka na kuizima. Ile inayoweza kuvumilia udongo huo ndiyo ya bei kali.

Na kuna kina. Punje ya dhahabu kama ya mchele inasikika karibu na uso wa udongo tu. Kipande kikubwa kama punje ya mahindi kinaweza kusikika shubiri moja au mbili chini. Anayekuambia mashine yake inaona punje mita 10 chini, au inanusa dhahabu kutoka ng'ambo ya mto, anatafuta makuta yako.

Dhahabu ya vumbi haisikiki

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Sehemu kubwa ya dhahabu inayotolewa kwa mikono huku kwetu ni unga, au imejificha ndani ya mawe kama chembe ndogo sana. Angalia Kamituga: wamama wanatwanga mawe kutwa nzima, kisha unga ule unaoshwa, kwa sababu dhahabu imekaa ndani ya jiwe. Jiwe kama hilo linaweza kuwa tajiri, na detekta ikapita juu yake bila kusema neno.

Mashine inafaa pale ambapo kuna vipande vinavyoonekana kwa macho, na viko karibu na uso: kingo za mito ya zamani, miteremko iliyo chini ya mshipa wa jiwe jeupe, au marundo ya udongo ambayo wachimbaji wa zamani waliyatupa. Hapo ina faida ya kweli, kwa sababu mtu hahitaji kushuka ndani ya shimo. Kamituga haijasahau tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipofunika mashimo na kuua makumi ya watu.

Beseni kwanza

Ni nani atakuambia kama mahali pako pana vipande au unga tu? Beseni. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga wa kawaida ni mzito mara mbili na nusu hivi. Ukitikisa beseni ndani ya maji, mchanga unatoka, mchanga mweusi unabaki chini, na dhahabu inakaa chini ya vyote. Sumaku kidogo inasaidia kuondoa sehemu kubwa ya mchanga mweusi.

Anza chini ya kijito, upande nacho, ukiosha beseni moja kila baada ya hatua kadhaa. Dhahabu inapoongezeka, unakaribia chanzo. Inapokatika ghafla, umepita: rudi nyuma, geukia mteremko. Angalia pia umbo la chembe. Zilizolainika zimesafiri mbali na maji, zenye pembe kali hazijatoka mbali. Kama mabeseni yote yanatoa vumbi tu, detekta haitakusaidia. Yakitoa vipande, hapo unaweza kuanza kufikiria mashine.

Na ukifika kununua, usilipe kwa maneno. Funika kipande kidogo cha dhahabu kwenye udongo wa eneo lako, si kwenye saruji ya duka, na umwombe muuzaji akitafute mbele yako.

Mlio unaoweza kuua

Kwetu mashariki kuna hatari nyingine. Vita vya miaka karibu 30 vimeacha mabomu, makombora na magruneti ardhini. Detekta ya dhahabu inalia juu yake kama inavyolia juu ya metali nyingine, na hatua inayofuata ya mchimbaji ni kupiga piki palepale.

Mahali palipokuwa na kambi ya askari, mahandaki au mapigano, usipitishe mashine wala usichimbe. Ukichimba kwingine, ondoa udongo pole pole kutoka pembeni, usigonge juu ya mlio. Ukiona kitu kinachofanana na silaha, usikiguse, usikisogeze, usikitupie jiwe. Rudi kwa njia ile ile uliyopitia, zuia watoto, na ujulishe chefu wa kijiji ili habari ifike kwa wataalamu wa kutegua mabomu.

Karatasi

Mashine haimpi mtu haki ya kuchimba. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka uchimbaji wa mikono ufanywe na raia wa Kongo wenye kadi, ndani ya ushirika uliokubaliwa, kwenye eneo lililotengwa kwa kazi hiyo, bila kupita mita 30 chini na bila vifaa vya kiwanda. Uliza kwanza ofisi ya SAEMAPE kama mahali unapopataka si pa kampuni. Na shamba la mtu lina mwenyewe: patana naye mbele ya mashahidi kabla mlio wa kwanza haujasikika, kwa sababu baada ya dhahabu kuonekana hakuna mapatano rahisi.

Beseni halina betri na bei yake mtu anaweza kuimudu. Kwa wachimbaji wengi wa huku, litaendelea kusema ukweli mwingi kuliko mashine. Mwenye kukopa kwa ajili ya detekta, basi alioshe kwanza.