Kabla ya Kuwasha Monita ya Chogo: Namna ya Kukokotoa Masafa Yake

Monita za mrija wa kathodi, maarufu mitaani kwa jina la monita za chogo, zingali zikiuzwa miongoni mwa vifaa vilivyotumika. Mnunuzi huweza kulipia kifaa kizima, kisha akakiharibu siku hiyo hiyo kwa kukipelekea ishara kisichoimudu. Hasara hiyo huepukika kwa kufanya hesabu fupi ya kuzidisha. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuifanya.

Picha huchorwaje?

Ndani ya mrija, mwale wa elektroni huchora picha mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Kompyuta huuongoza kwa ishara mbili za ulandanishi. Ishara ya mlalo huuamuru urudi kushoto kuanza mstari mpya. Ishara ya wima huuamuru urudi juu kuanza picha mpya. Kurudi huko huchukua muda, na muda huo huhesabiwa kama mistari ya ziada isiyoonekana. Ndiyo maana picha yenye mistari 480 inayoonekana, kwa kipimo cha VGA cha mwaka 1987, huhesabiwa kuwa na mistari 525.

Hatua ya kwanza: tafuta mipaka

Angalia kijitabu cha monita au lebo iliyo nyuma yake. Takwimu zenye alama ya kHz ni masafa ya mlalo, yaani maelfu ya mistari kwa sekunde. Zenye alama ya Hz ni masafa ya wima, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Tuchukue mfano wa monita yenye mipaka ya 30–54 kHz na 50–120 Hz.

Hatua ya pili: zidisha

Masafa ya mlalo hupatikana kwa kuzidisha jumla ya mistari, pamoja na ile isiyoonekana, kwa idadi ya picha kwa sekunde. Kwa vipimo vya kawaida, matokeo ni haya:

• 640 × 480, picha 60: mistari 525 × 60 = 31.5 kHz
• 800 × 600, picha 60: mistari 628 × 60 = 37.7 kHz
• 800 × 600, picha 75: mistari 625 × 75 = 46.9 kHz
• 1024 × 768, picha 60: mistari 806 × 60 = 48.4 kHz
• 1024 × 768, picha 75: mistari 800 × 75 = 60 kHz

Ikiwa kipimo unachokitaka hakimo humu, ongeza takribani asilimia 5 juu ya mistari inayoonekana ili kupata makadirio ya awali.

Hatua ya tatu: linganisha mipaka yote miwili

Wanunuzi wengi huteleza hapa. Katika mfano wetu, picha 75 kwa sekunde zimo ndani ya mipaka ya wima, na mtu aweza kudhani kwamba 1024 × 768 kwa picha 75 inafaa. Kumbe masafa ya mlalo yamefika 60 kHz, ilhali kikomo ni 54. Kipimo hicho kisitumike.

Yabaki machaguo mawili mazuri. Ukitaka nafasi kubwa ya maandishi, tumia 1024 × 768 kwa picha 60. Ukisumbuliwa na kupepesa kwa picha, jambo ambalo huchosha macho, tumia 800 × 600 kwa picha 75.

Tahadhari

Monita nyingi za miaka ya karibuni hujilinda: huzima picha au huonyesha ujumbe kwamba ishara imevuka mipaka. Zile za zamani zaidi, hasa zilizoundwa kwa masafa mamoja tu, huenda zisiwe na kinga hiyo, na sehemu zake za mlalo zaweza kupata joto kupita kiasi na kuungua. Picha ikipasuka au ikibiringika, au ukisikia mluzi usio wa kawaida, zima mara moja, usisubiri itulie.

Kamwe usifungue kifuniko. Mrija hufanya kazi kwa maelfu ya volti, na umeme huo waweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye ujuzi.

Ukiwa dukani, tunashauri uombe monita iwashwe kwanza kwa 640 × 480, kisha kwa kipimo utakachokitumia nyumbani, nacho kiwe kile ambacho hesabu yako imekikubali. Ikiwa mipaka ya monita haijulikani na muuzaji hayuko tayari kuijaribu mbele yako, usilipe.