« Nilinyamaza juu ya feza »

Tuchukue nyumba moja ya Likasi, nyumba kama zetu. Magaribi moja mama anachagua maharagi. Binti yake wa miaka 27, mshonaji wa nguo, anakuja kuikala karibu naye.

« Mama, niko na kintu kigumu mu ibele. Hainilumi, lakini inakomea. »

« Tangu lini, mwanangu? »

« Tangu Pasaka. Nilinyamaza juu ya feza. Baba hana tena kazi, na badogo yangu beko mu masomo. »

Wasomaji wapenzi, vijana wengi wanafanya vile. Uvimbe mwingi wa ziwa si kansa, lakini ni munganga tu anayeweza kujua. Na kansa ya ziwa haingojei uzee. Kunyamaza hakulindi feza ya jamaa: ugonjwa uliokawia unaomba dawa nyingi zaidi, na unapona kwa shida.

Karti ya baba

Wazee wetu wa Union Minière na wa Gécamines walizoea kwenda lopitali na karti tu. Lakini mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi, na nyumba nyingi zikabaki bila karti. Leo sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaagiza mwajiri kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Basi kama weye kijana uko na mkataba wa kazi, au bwana yako anao, usione haya: soma mkataba na uulize. Mshonaji wetu hana mkataba. Kwake inabaki jamaa.

Andika hesabu mbele ya kuuza kitu

Yaya mukubwa alitaka kuuza kiwanja siku ile ile. Mama akamuzuia: « Kwanza tujue safari iko na urefu gani. » Alisema kweli. Kansa haina fakitire moja. Kuna kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipima. Kuna upasuaji. Kuna dawa za mushipa, ambazo mara nyingi zinatolewa kila majuma matatu, kwa miezi mingi. Na kuna gharama isiyoandikwa popote: gari, chakula, siku ambazo cherehani imelala.

Uliza munganga bila woga: Dawa ni mara ngapi? Bei ya kila mara ni gani, kwa franka ao kwa dola? Mushahara wa franka na deni ya dola havitembei pamoja. Uliza tena kama kuna dawa ingine ya bei ndogo yenye nguvu sawa.

Hatari kubwa ni kuanza kwa nguvu na kukatiza katikati. Dawa iliyokatizwa inapoteza kazi yake. Heri kujua tangu mwanzo feza ya mara ya tatu na ya ine itatoka wapi.

Kidonge na mupaka

Kipande kilichopimwa kinaweza kuonyesha kwamba kansa inakula homoni za mwili. Hapo munganga anaweza kuandika tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka mitano ao zaidi. Si dawa ya bei kali, lakini wengi wanaiacha wakijisikia wazima. Usiache! Na usishike mimba wakati wa kuimeza. Msichana anayetaka kuzaa kesho azungumuze na munganga mbele ya dawa za mushipa, kwani zingine zinaweza kuharibu uzazi. Muchumba naye asikie maneno haya, asifichwe.

Wengine wanahitaji kuchomwa kwa mionzi. Watu wa Katanga wanajua njia ya Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako hospitali ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007. Lakini piga simu mbele ya kupanda gari: mashine inatumika? Zamu ni lini? Hesabu tena pasipoti, mahali pa kulala kwa majuma mengi, na mutu wa kutafsiri Kiingereza.

Kaye moja, mukono moja

Katika nyumba yetu ya mfano, mama alinunua kaye. Shangazi ndiye anashika feza, mama anaandika. Wamama wa likelemba walikubali kumupa zamu yake mbele. Yaya aliuza nusu ya kiwanja, si chote. Baba mudogo alitaka feza iende kwanza kwa mufumu. Walimukatalia kwa heshima. Binti mwenyewe anashona siku anazokuwa na nguvu, na anasoma kaye kila juma, kwani ugonjwa ni wake na hesabu ni yake pia.

Dawa ya mara ya tatu imelipwa. Ya ine bado. Lakini hakuna anayenyamaza tena mu ile nyumba.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa
1. Kama mutoto wetu angeugua leo, angetuambia ao angeficha? Kwa nini?
2. Nani katika jamaa anaweza kushika kaye bila ugomvi?
3. Likelemba yetu inafanya nini mutu akigonjwa?