Mtoto wa Mwisho Kwenye Foleni

Kabla ya mwaka 2001, kliniki ya watoto walio chini ya miaka mitano katika Hospitali ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, Malawi, ilibeba kazi tatu kwa pamoja: kutibu wagonjwa wa nje, kutoa chanjo na kupokea watoto mahututi. Wagonjwa walikuwa wengi, wahudumu wachache. Panapokuwa hivyo, mtoto mwenye mafua aliyewahi alfajiri huonwa kabla ya mtoto mwenye nimonia kali aliyefikishwa saa nne, kwa sababu tu alitangulia kukaa kwenye benchi. Kati ya kila watoto 100 waliolazwa hospitalini hapo, 10 hadi 18 walifariki.

Januari 2001 idara hiyo ilifunguliwa upya. Jengo lilikuwa limepangwa upya ili wagonjwa wapite kwa mtiririko unaoeleweka, wahudumu walikuwa wamefundishwa kutambua na kutibu dharura, na watu wa wodini walikuwa wameanza kufanya kazi bega kwa bega na watu wa mapokezi. Baada ya hapo vifo vilishuka hadi watoto 6 hadi 8 kwa kila 100 waliolazwa. Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake walieleza matokeo hayo mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO). Ni kweli kwamba kulinganisha kabla na baada hakuthibitishi kuwa kila uhai uliookolewa ulitokana na mpangilio mpya. Hata hivyo, mabadiliko makuu hayakuwa dawa mpya wala mashine ya mamilioni. Yalihusu nani anaonwa kwanza, anaonwa na nani, na anapelekwa wapi baada ya hapo.

Kwa nini dakika chache ziwe na uzito hivyo kwa mtoto? Mwili wake mdogo hujitetea kwa nguvu, kisha huanguka ghafla. Anapopungukiwa na maji au damu, moyo hukimbia na mishipa ya mikono na miguu hubana ili damu ibaki kwa ajili ya ubongo na moyo wenyewe. Kwa sababu hiyo shinikizo lake la damu linaweza kuonekana la kawaida hadi hatari imefika mlangoni. Njia zake za hewa ni nyembamba, na makohozi kidogo tu yanatosha kuziba. Akiba yake ya sukari ni ndogo, hivyo mtoto mgonjwa aliyekaa bila kula anaweza kupoteza fahamu au kupata degedege kwa kukosa sukari peke yake. Vifo vingi vya watoto hospitalini hutokea ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kulazwa, yaani katika muda uleule ambao familia bado inatafuta faili, risiti na kitanda.

Utaratibu uliojaribiwa Malawi na Brazil, na ambao WHO iliuchapishia kitabu cha mafunzo mwaka 2005, unaanza kabla ya mgonjwa kufika kwa daktari. Kila mtoto anayeingia huangaliwa papo hapo na kuwekwa katika moja ya makundi matatu: wa dharura, anayetibiwa sasa hivi; wa kipaumbele, anayesogezwa mbele ya foleni; na anayeweza kusubiri. Mhudumu hufuata mpangilio usiobadilika. Je, hewa inapita? Anapumuaje? Damu inazunguka? Ana fahamu, au ana degedege? Ameishiwa maji? Hakuna kinachohitaji maabara. Ili kupima mzunguko wa damu, muuguzi hushika mkono wa mtoto. Ukiwa wa baridi, hubonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 3, huachia, kisha hutazama. Weupe ukikaa zaidi ya sekunde 3 kabla ya rangi kurudi, kuna tatizo.

Jambo moja katika mafunzo hayo linastahili kurudiwa katika kila hospitali ya wilaya: mlinzi wa getini, karani wa kumbukumbu na mfanya usafi nao hufundishwa ishara za dharura. Ndio wanaomwona mtoto kwanza. Mlinzi anayejua kwamba mtoto aliyelegea begani mwa mama yake si mtoto aliyelala anaweza kufanya kazi ambayo hakuna bingwa atakayeweza kuifanya saa moja baadaye.

Baada ya foleni huja hewa. Macho ya daktari, hata aliyebobea, hayatoshi kujua kama damu ya mtoto ina oksijeni ya kutosha, kwani midomo inaweza isibadilike rangi wakati kiwango kimeshashuka chini ya asilimia 90. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni hutoa jibu kwa muda mfupi. Huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipowekewa mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani pamoja na vipimo hivyo vya kidoleni, vifo vya watoto wenye nimonia vilishuka kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Mtungi wa oksijeni ulio tupu, au uliojaa lakini hakuna anayejua ni mtoto gani anauhitaji, ni pengo linaloweza kuzibwa, na inauma kuona linavyozoeleka.

Kenya ilikwenda kwenye swali lililo gumu zaidi: wahudumu wakishafundishwa, je, wanatenda walichofundishwa? Kuanzia mwaka 2006, watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust na Wizara ya Afya walifuatilia hospitali nane za wilaya kwa miezi 18. Zote zilipewa miongozo ya tiba. Nne kati ya hizo zilipata zaidi: mafunzo ya vitendo ya siku tano na nusu, fomu maalumu ya kumpokea mtoto, mwezeshaji aliyekuwa hapo hapo hospitalini, na ziara za ana kwa ana za kurudisha majibu ya kazi yao. Mwishoni, hospitali hizo nne zilikuwa zikikamilisha wastani wa asilimia 94 ya hatua za uchunguzi zilizotakiwa wakati wa kumlaza mtoto. Nyingine zilifikia asilimia 65. Makosa ya dozi nayo yalipungua, likiwemo kosa la kuzidisha dozi ya kwinini, dawa ya malaria. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa dawa ya mtoto hukokotolewa kwa kilo zake, na nukta moja ikihama anaweza kupewa mara kumi ya anachostahili. Mwongozo uliobandikwa ukutani haukutosha. Kilichosaidia ni mtu wa kukaa na wahudumu, kuwaonyesha mafaili yao wenyewe, kisha kurudi tena.

Lakini kutenda zaidi si lazima kuwe kutenda vizuri zaidi, na hapa Afrika Mashariki iliufundisha ulimwengu somo zito.

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu aingiziwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Ilionekana ni akili ya kawaida. Familia nazo hupata faraja zikiona mtoto ametundikiwa dripu. Utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, ulijaribu mafundisho hayo katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Hospitali Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yaliingiziwa maji kwa haraka, moja likipewa maji ya chumvi na jingine albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kuanzia mililita 20 kwa kila kilo ya uzito. La tatu halikupewa maji ya haraka, ila lilipata huduma nyingine zote: dawa za malaria na za bakteria, oksijeni, damu kwa walioishiwa, na dripu ya polepole.

Wengi walitarajia kundi hilo la tatu ndilo litakalopoteza watoto wengi. Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, lakini asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Utafiti ulisimamishwa Januari 2011 kabla ya muda wake. Wakosoaji walidhani mapafu au ubongo wa watoto ulijaa maji. Uchambuzi uliofuata mwaka 2013 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo vya ziada ilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kazi. Mwaka 2016 WHO ilibadilisha mwongozo wake: mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asiingiziwe maji kwa haraka, na mwenye mshtuko kamili, yaani mikono na miguu baridi, rangi ya ukucha inayochelewa kurudi na mapigo dhaifu ya haraka, apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60. Watoto wenye kuhara kukali hawakuwemo katika utafiti huo. Aliyeishiwa maji kwa kuhara bado anayahitaji, na anayahitaji upesi.

Ushahidi huo ulipatikana kwa sababu hospitali kama za Muheza na Soroti zilipima, zikaandika na kuhesabu. Idara ya dharura isiyojua ni watoto wangapi walifia mikononi mwake katika saa 24 za kwanza, na kwa maradhi gani, haina njia ya kujua kama inaboresha au inazoea.

Mzazi naye ana sehemu yake katika foleni hiyo. Mtoto asiyeweza tena kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka, anayepumua huku mbavu zikiingia ndani, au ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, hapaswi kusubiri zamu. Hata mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili anayeumwa husogezwa mbele. Inatosha kusimama na kusema kwa sauti: “Sista, mwanangu hanyonyi tena,” au “Nesi, mtoto anapumua kwa shida.” Kwa aliyetumwa kutoka zahanati, barua ya rufaa ya dharura nayo ni sababu ya kuitwa mapema, kwa hiyo ikabidhiwe pale mlangoni, kabla ya kutafuta benchi.