Masomo Mawili Chuoni: Je, Ni Kutangatanga?



Vikundi vingi vimewahi kuchanga karo ya mtoto wa kijiji. Harambee inafanywa, mbuzi anauzwa, na akina mama wanatoa hata pesa za mzunguko. Halafu likizoni kijana anarudi na kusema anasoma Biolojia pamoja na Kijerumani. Hapo manung'uniko yanaanza: "Tulimtuma akasome kitu kimoja, kumbe anatangatanga!" Hofu hiyo ina sababu, kwa maana pesa ni za jasho. Lakini kabla ya kumwita kijana mbele ya wazee, tuelewe jambo lenyewe.

MFANO WA BINTI WA NYERI

Biolojia na Kijerumani si mfano wa kubuni. Ndivyo alivyosoma marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Mwaka wa 1960 alikwenda Marekani, katika chuo cha masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Kule mwanafunzi huwa na somo kuu, na kando yake anaweza kuongeza masomo madogo. Somo lake kuu lilikuwa Biolojia. Madogo yalikuwa Kemia na Kijerumani. Alimaliza mwaka wa 1964.

Kemia ni jirani ya Biolojia. Lakini Kijerumani je? Aliporudi Nairobi mwaka wa 1966, aliajiriwa na profesa Mjerumani katika idara mpya ya elimu ya miili ya mifugo. Mwaka wa 1967 akaenda Ujerumani, Giessen na Munich, kuendelea na utafiti wake. Mwaka wa 1971 akapata digrii ya udaktari hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati. Hatusemi Kijerumani ndicho kilichompa kazi. Ujuzi wake wa Biolojia ndio uliohitajika. Lakini alipofika Ujerumani hakuanza lugha kutoka sifuri.

HAPA KWETU KENYA

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Anayesomea ualimu wa sekondari husoma masomo mawili ya kufundisha, kwa mfano Kiswahili na Dini, au Hisabati na Jiografia. Tume ya walimu, TSC, imekuwa ikitaka mwalimu wa namna hii awe na C+ katika KCSE, na C+ katika kila somo kati ya hayo mawili. Sababu ni rahisi kuona: shule ndogo ya mashambani haiwezi kupata mwalimu kwa kila somo. Kwa hiyo kwa mwalimu, masomo mawili si kutangatanga. Ni sharti la kazi.

Kozi kama uuguzi au uhandisi zina ratiba iliyojaa, na nafasi ya kuongeza fani nyingine ni ndogo sana. Hapo njia huwa ni kusoma kitu cha pili kando. Mwanafunzi wa kilimo, kwa mfano, anaweza kufanya mitihani ya uhasibu ya KASNEB kidogo kidogo bila kuacha digrii yake. Mtu kama huyo anajua ugonjwa wa kahawa, na pia anaweza kusoma vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika. Ni ushirika gani haumhitaji?

Hata Mtume Paulo alifundishwa torati miguuni pa Gamalieli, na bado alikuwa fundi wa mahema. Huko Korintho, ufundi huo ulimsaidia kujitegemea alipokuwa akihubiri.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUCHANGA

1. Je, chuo kimekubali masomo hayo mawili kwa maandishi? Wakati mwingine vipindi hugongana, na mwanafunzi anarudia mwaka.

2. Karo itaongezeka kiasi gani, na miaka ni mingapi? Ada za mitihani ya kando pia zihesabiwe.

3. Kila somo litafanya kazi gani? Si lazima yafanane. Lakini kijana aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe, si kusema tu, "Rafiki zangu wanasoma hivyo."

4. Mzigo ukizidi, ataacha lipi? Asiyejua lililo kuu anaweza kuyakosa yote mawili.

Akijibu vizuri, mchangieni bila kinyongo. Akishindwa, msimfukuze. Mpeni muda, aende kwa mshauri wa masomo chuoni, kisha arudi na majibu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

- Katika kijiji chetu, ni nani ana ujuzi wa aina mbili? Umetusaidia vipi?
- Je, tunapochangia karo, tunamsikiliza mwanafunzi, au tunamchagulia?
- Tukiwa na kijana mmoja tu wa kusomesha, kikundi chetu kinahitaji ujuzi gani miwili?