Simu ikinyamaza baada ya kulipa ada, usikimbilie kulipa tena

Malalamiko haya huja zaidi siku za soko, na karibu yote yana sura moja. Mfanyabiashara ametoa simu, ameingiza nambari ya paybill, akaandika akaunti, kiasi na nambari ya siri. Skrini inazunguka, kisha inanyamaza. Ujumbe wa kuthibitisha hauji. Mkusanyaji ushuru amesimama mbele yake na watu wanasubiri nyuma. Analipa mara ya pili. Baada ya muda jumbe mbili zinaingia kwa pamoja, na pesa zimekatwa mara mbili.

Wengi husema “network ilipotea” na kuishia hapo. Ukielewa kilichotokea ndani ya kile kimya, utajua la kufanya siku nyingine, na pengine utaokoa pesa za faida ya siku nzima.

Vifaa viwili haviwezi kuelewana bila kukubaliana kwanza namna ya kuongea. Makubaliano hayo ndiyo wataalamu wa kompyuta huita itifaki. Neno lenyewe tulilizoea wakati wa korona, tulipohimizwa kufuata itifaki za afya. Kwenye hafla za serikali pia yuko afisa wa itifaki, ambaye huamua nani aketi wapi na nani azungumze kabla ya nani (na aliyewahi kupanga orodha ya wazungumzaji anajua uzito wa kazi hiyo). Katika mtandao kazi ni ile ile: nani aanze, ujumbe uwe na urefu gani, mwenzake ajibu vipi, na ifanyike nini jibu lisipokuja. Swali hilo la mwisho ndilo linalogusa mfuko wako.

Hodi, karibu, asante

Itifaki mashuhuri kuliko zote ni jozi iitwayo TCP/IP. Msingi wake uliwekwa katika makala ya Wamarekani Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ukahamia kwenye kanuni hizo. Simu yako inapofungua tovuti leo, mara nyingi bado inafuata kanuni hizo hizo.

IP hushughulikia anwani. Kila kifaa kilichounganishwa hupewa nambari, kama vile barua inavyohitaji sanduku la posta, ili data ijue inakokwenda na jibu lijue linakorudi. TCP kazi yake ni kuhakikisha mzigo umefika. Kabla ya kutuma chochote, kifaa chako hubisha hodi kwa seva. Seva hujibu karibu. Kifaa chako nacho hujibu kwamba karibu imesikika, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Hodi isipojibiwa, kifaa husubiri kidogo na kubisha tena, kila mara kikisubiri kwa muda mrefu zaidi. Kikishindwa kabisa hukata tamaa na kukuletea ile habari kwamba tovuti haipatikani. Mgeni mwenye adabu naye hufanya hivyo hivyo mlangoni.

Baada ya hapo data hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kwa kawaida kisichozidi baiti 1,500 hivi. Picha ya cheti chako yenye ukubwa wa megabaiti 3 ikitumwa pamoja na ombi la leseni ya biashara hugawanywa kuwa pakiti zaidi ya 2,000. Fikiria unahama nyumba kwa bodaboda. Kochi, godoro na sufuria hazipandi pikipiki moja; utaita pikipiki kadhaa, nyingine ipite barabara kuu, nyingine ipite vichochoroni, na ile iliyotangulia yaweza kufika mwisho. Hakuna shida mradi kila mzigo una nambari. TCP huweka nambari kwenye data inayotuma, seva huipanga upya, na hurudisha taarifa ya kupokea: nimepata hadi hapa. Kipande ambacho taarifa yake haikurudi hutumwa tena.

Si kila itifaki ina subira hiyo. Ipo nyingine iitwayo UDP, ambayo hufanana na gari la vipaza sauti linalopita mitaani kutangaza mkutano wa kukusanya maoni ya umma. Linatangaza na kusonga mbele. Halisimami kila mlango kuuliza kama mmesikia. Simu za video hutumia njia hiyo kwa sababu neno lililopotea sekunde mbili zilizopita halina faida likirudiwa sasa. Ndiyo maana sauti ya mwenzako hukatika lakini mazungumzo yanaendelea. Malipo hayawezi kufanywa namna hiyo.

Safari ya shilingi yako

Anayelipa kwa simu ya kabambe kwa kupiga *334# hatumii intaneti wala bando. Anatumia itifaki ya mitandao ya simu iitwayo USSD. Ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na mitambo ya kampuni: menyu inakuja, unajibu, nyingine inakuja, kila ujumbe ukiwa na herufi zisizozidi 182. Mazungumzo hayo yana muda maalumu na hayahifadhiwi. Ukichelewa kujibu, au mnara ukilemewa, yanakatika, na mara nyingine simu inakuletea neno la “MMI” ambalo halimsaidii mwenye simu hata kidogo.

Ujumbe wa kuthibitisha, kwa upande mwingine, huja kwa SMS. SMS ina tabia tofauti kabisa. Hupelekwa kwenye kituo cha kampuni, na kama simu yako imezimwa au haina mawimbi, hukaa hapo na kujaribiwa tena baadaye. Kwa hiyo ombi lako la kulipa na jibu lake hupita njia mbili zisizotegemeana. Ya kwanza yaweza kuwa imefanya kazi barabara huku ya pili imechelewa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kimya baada ya kuingiza nambari ya siri chaweza kumaanisha kwamba ombi lako halikufika, na hakuna pesa iliyokatwa. Chaweza pia kumaanisha kwamba ombi lilifika, pesa zikakatwa, na kilichopotea ni jibu tu. Ukiwa umesimama sokoni, hali hizi mbili zinaonekana sawasawa. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama skrini.

Usidhani huo ni udhaifu wa simu za bei nafuu. Wanasayansi wa kompyuta wana fumbo la majenerali wawili walio kwenye vilima viwili, wanaotaka kushambulia kwa pamoja, lakini tarishi wao lazima avuke bonde lenye maadui. Wa kwanza anatuma ujumbe: alfajiri. Hajui kama tarishi alivuka mpaka apate jibu. Wa pili akijibu, naye hajui kama jibu lilifika. Ongeza matarishi utakavyo, yule aliyetuma ujumbe wa mwisho atabaki na shaka daima. Imethibitishwa kihisabati kwamba hakuna itifaki inayoweza kuiondoa shaka hiyo kabisa pale ambapo ujumbe unaweza kupotea njiani.

Mashine hurudia, binadamu hulipa upya

Kama shaka haiondoki, malipo yote haya ya kila siku yanawezekanaje? Jibu ni nambari. Kila malipo ya M-Pesa yana msimbo wake wa herufi na tarakimu 10, ule unaouona mwanzoni mwa ujumbe. Mfumo ukituma taarifa ya malipo yako kwa mfumo wa kaunti na usipate jibu, unaweza kuituma tena mara tatu au mara kumi bila madhara, kwa sababu msimbo ni ule ule. Mfumo uliotengenezwa vizuri huutazama msimbo, ukiona ulishaurekodi, hauongezi malipo mengine.

Wewe ukilipa tena, hurudii ujumbe ule ule. Unaanzisha malipo mapya yenye msimbo mpya. Mfumo hauna namna ya kujua kwamba ulikuwa na wasiwasi. Kwake, umelipa ada mbili, na mtu hulipia vibanda viwili au magari mawili kihalali kila siku.

Kwa hiyo simu ikinyamaza, angalia salio lako kabla ya kufanya lolote. Salio likiwa limepungua kwa kiasi cha ada na gharama ya kutuma, pesa zimeondoka; subiri ujumbe, au tazama malipo yako ya karibuni kwenye taarifa ya akaunti ya simu yako. Salio likiwa halijaguswa, subiri dakika chache, liangalie tena, ndipo ulipe. Mkusanyaji ushuru naye anastahili kukupa nafasi hiyo. Kumharakisha mama wa mboga alipe mara ya pili kwa sababu mtandao ni mzito si ukusanyaji mzuri wa mapato, maana pesa hizo baadaye hugeuka dai la kurejeshewa, barua, na siku nzima iliyopotea.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huichanganya na mtandao: pesa zimetoka, ujumbe umefika, lakini rekodi ya kaunti bado inasema hujalipa. Mara nyingine taarifa kutoka kampuni ya simu kwenda kwa kaunti ndiyo iliyokwama, na afisa wa mapato akipewa msimbo anaweza kufuatilia. Mara nyingine kosa liko kwenye akaunti uliyoandika. Kompyuta haikisii. Herufi O na sifuri kwake ni vitu viwili tofauti, sawa na herufi I na tarakimu 1. Ukiandika nambari ya usajili wa gari vibaya, pesa zitaingia kwa kaunti ila hazitajua ni za nani.

Umbali nao una mchango wake, ingawa mdogo kuliko tunavyodhani. Hadi mwaka 2015 mitambo mikuu ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Malipo ya muuza samaki yalivuka bahari na kurudi kabla ya mteja kuondoka. Sasa mitambo hiyo iko nchini. Lakini tovuti nyingi tunazotumia bado ziko ng'ambo, ndiyo maana nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ilikuwa nzito kote Afrika Mashariki.

Neno kuhusu matapeli

SMS haikubuniwa kuthibitisha mtumaji. Jina linaloonekana juu ya ujumbe linaweza kughushiwa, na maneno ya ujumbe wa kweli yanaweza kunakiliwa na kubadilishwa kiasi. Muuzaji anayeonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja hajalipwa mpaka aone salio lake mwenyewe limeongezeka.

Kwenye tovuti, herufi https na alama ya kufuli zinamaanisha kwamba mazungumzo yamefichwa, anayechungulia njiani hasomi unachoandika. Hazisemi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Tapeli pia anaweza kupata kufuli. Soma anwani yenyewe: tovuti za serikali, za kaunti zikiwemo, huishia na .go.ke. Na ukienda ofisi ya mapato kufuatilia malipo, nenda na msimbo wa malipo, tarehe, kiasi na akaunti uliyoandika. Nambari yako ya siri haihitajiki, na atakayeiuliza, awe amevaa beji au la, usimpe.

Mwisho, mashine ndogo za kuchapisha risiti. Vifaa vya aina hiyo vinaweza kutengenezwa viendelee kufanya kazi mahali pasipo na mawimbi: hurekodi, huchapisha, na kusubiri kupata mtandao ili kupeleka rekodi. Kwa saa kadhaa risiti yako yaweza kuwa ya kweli kabisa huku mkaguzi wa stendi ya pili akiwa haioni kwenye kifaa chake. Usiitupe karatasi hiyo unapoondoka sokoni. Ikunje uiweke pamoja na leseni mpaka jioni, na ukisimamishwa, mwonyeshe mkaguzi nambari iliyoko juu yake aiandike.